Nimwamuru Mdogo Wangu Arudi Mnarani?

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naanza na hasara yenyewe: Jumanne iliyopita asubuhi nilipoteza maboksi thelathini na mawili ya limu, mwani wetu wa punje za kijani, umevunwa, umesafishwa, umefungwa, ukafia uwanja wa ndege kwa sababu waongoza ndege waligoma alfajiri ileile na ndege ya Auckland ikageuza njiani kama mtu aliyesahau pochi. Limu ingevumilia siku mbili kivulini, lakini nilipokwenda dirishani kuulizia, bwana mmoja wa mizigo, mgeni hapa Tonga, akanionea huruma akautia mwani wote kwenye friji, na wewe unajua baridi inavyouyeyusha, niliporudi nikakuta maji ya kijani yanatiririka sakafuni na yeye ananitabasamia akingoja asante.

Biashara hii sikurithi, nilianza na ndoo moja na miwani ya kuzamia ya kuazima, leo wanawake tisa wananizamia, na mteja wangu wa Auckland, Toakase, anayechukua robo tatu ya mzigo, ananipigia kila jioni, "Dada, Ijumaa nisipouona nachukua wa Fiji," na nikimpoteza huyo narudi kwenye ndoo.

Sasa aibu yangu. Kiongozi wa mgomo ni Sateki, mdogo wangu wa tumbo moja, na kwetu dada ni dada, nikisema nipe anatoa, nikisema inuka anainuka, hawezi kunikatalia, ila pia hatukai chumba kimoja wala hatutaniani, kwa hiyo nilienda nikasimama uani kwake, yeye yuko nyuma ya tangi la maji, na mkewe Vika katikati akipeleka maneno, ingawa kila mtu alikuwa anamsikia mwenzake.

"Mwambie mumeo limu yangu imekufa."

"Anasema pole sana, wifi."

"Pole inauzwa kilo ngapi Auckland?"

"Anasema wako sita tu mnarani, wanapokezana usiku na mchana, wiki juzi alisinzia na kipaza sauti mdomoni. Wanataka waongezwe watu wanne, basi."

"Mwambie asinzie siku ambayo sina mzigo."

"Wifi, hilo silipeleki. Mpelekee mwenyewe."

Nyuma ya tangi mtu akakohoa.

Bosi wa uwanja naye ni mjomba wetu Feleti, kaka wa mama, na hataki hata kuwaona hao wagomaji, anasema wakichoka watarudi, na Jumapili baada ya kanisa alikula limu yangu bakuli mbili, akajifuta mdomo, akaniambia, "Kalolaine, unalia nini na wewe ndiye dada? Neno lako moja tu, Sateki anapanda mnarani na mgomo umekwisha." Na ni kweli, mshauri. Neno moja. Nimelibeba mdomoni siku nzima, linanikwama.

Wanawake wangu wanazamia Alhamisi maji yakipwa, kwa hiyo usiniandikie "inategemea." Nimwamuru au nisimwamuru? Nataka jibu kwenye gazeti la Jumatano.

Kalolaine, muuza limu

MSHAURI ANAJIBU

Kalolaine, usimwamuru.

Pole kwa limu, na bwana wa friji Mungu amsamehe. Umeandika majina yote, kisiwa kizima kimeshajua, basi tusifichane.

Wewe ni hodari wa hesabu, lakini umehesabu maboksi ukaruka watu. Watu sita, usiku na mchana, na mmoja kasinzia ndege ikiwa angani! Halafu unataka mtu huyohuyo apande kuipokea nyingine kwa sababu tu dada kasema. Ndani ya ndege kuna abiria, mama, siyo mwani peke yake.

Unajua fika kwamba atakutii, na ubaya uko hapo. Mtu asiyeweza kukukatalia humwombi, unamnyang'anya. Atapanda ngazi za mnara kichwa chini mbele ya wenzake watano, na wewe hutaweza hata kukaa naye kumwomba radhi. Au utamtuma Vika tena? Huyo mama umemchosha.

Halafu niambie, mjomba wako amekula limu yako, amekutuma ukampiganie vita vyake, na wewe ukaondoka umeshukuru? Umesahau wewe ni nani kwa Feleti? Ni mtoto wa dada yake! Kwa mila yetu mtoto wa dada anaingia kwa mjomba anabeba viazi vikuu, anabeba mkeka, na mjomba anaangalia tu. Sateki hawezi kulitumia hilo, kazini yeye ni mtu wa chini yake. Wewe huajiriwi na Feleti.

Leo mpigie Toakase. Mwambie Ijumaa hakuna mzigo, achukue wa Fiji wiki hii, na umtajie wewe mwenyewe jina la muuzaji mzuri wa huko. Atanung'unika, lakini hatasahau nani alimwambia kweli. Alhamisi wazamie wawili tu, limu ya kuuza sokoni Jumamosi. Iliyobaki iacheni baharini, huko haina friji.

Kisha funga mkeka wako wa heshima kiunoni, kama wa kwendea kanisani, uende kwa Feleti. Siyo nyumbani, ofisini, mbele ya karani wake. Kaa kwenye kiti chake. Usimweleze habari za mishahara wala zamu, huzijui. Mwambie hivi: "Mjomba, nimekuja kuchukua kitu. Nachukua saa yako moja, na saa hiyo utakaa meza moja na wale sita. Ni kesho au kesho kutwa?"

Akikuambia atafikiria, mjibu kwamba ofisi inafungwa saa kumi na nusu, na ufunguo wake umeshauchukua wewe, mtoto wa dada.