Mlio wa Kibodi ya Saidi

Alhamisi, baada ya Isha

Nilitamani kishikwambi kishindwe kazi, hakikushindwa. Leo nimeandaa somo la kesho, nimejaza alama za darasa la sita, nimemwandikia mwalimu mkuu barua, na chaji bado nusu. Kompyuta ya marehemu mume wangu ingeshazima kabla ya adhuhuri. Betri imechoka, na sola yetu hapa Mbwera ndiyo hiyo.

Jumamosi shemeji anakuja na boti kuichukua hiyo kompyuta. Eda yangu imekwisha, vitu vya Saidi vinagawiwa, na yeye ni mdogo wake. Jana kwenye simu aliniuliza, "Shemeji, kishikwambi si kinakutosha?" Nikasema kinanitosha.

Sikumwambia habari ya mama yao. Kila tukimweleza kwamba Saidi amefariki analia upya, kesho kasahau. Nimeacha kumweleza. Alizoea kulala akimsikia mwanawe anachapa kwenye kompyuta chumba cha pili. Tangu msiba nachapa mimi.

Leo nilichapa kwenye kioo cha kishikwambi. Nikawasha hata mlio wake. Mama akauliza kutoka kitandani kwake:

"Mdudu gani huyo? Saidi hajarudi?"

Nikaifungua kompyuta. Imezima kabisa. Nikabonyeza hivyo hivyo, herufi zozote, gizani.

"Usikeshe sana, mwanangu," akasema.

Nikajisikia naitikia, "Naam, mama," kwa sauti nzito ambayo si yangu.