Acheni Kubonyeza Matangazo ya Salma

Mwanahawa shoga yangu, acha kubonyeza matangazo! Acha sasa hivi!

Salma, mjukuu wangu, alikuwa anakagua mapato ya matangazo ya tovuti zake tatu. Ile ya mapishi imepanda ghafla, na wabonyezaji wote ni wa mtaa wetu huu wa Kilakala. "Bibi, ni nani hawa? Wenye matangazo wakiona ni udanganyifu watanifungia zote!"

Nikamwambia, "Ni mimi. Na Mwanahawa. Na kikoba chetu cha akiba. Tulibonyeza ili upate pesa."

"Kikoba kizima?"

Kikoba kizima, shoga!

Nilidhani atalia. Alicheka mpaka akakaa chini, akanikumbatia. Kisha akawaandikia watu wa kampuni ya matangazo ukweli wote. Wamejibu sasa hivi: pesa za kubonyeza kwetu wamezikata, tovuti zimepona!

Yule muuza matrekta uliyebonyeza tangazo lake ukamwachia namba, akikupigia tena, mwambie ulikuwa unamsaidia mjukuu wangu.