Nilisema Sijui

Kalenga,
kwa njia ya Misheni,
Iringa.
19 Mei, 1957

Mpendwa Dada Tusekile,

Kamwene, kama tunavyoamkiana huku kwa mama, na ndaga, kama mnavyoamkiana huko kwa baba. Natumaini barua hii itakukuta u mzima pamoja na shemeji Asukile. Mtoto Gideoni hajambo? Ile homa uliyoitaja imekwisha? Nasikia mbu wa Rujewa hawana adabu wakati maji yakiwa bado katika mashamba ya mpunga, nawe umezaliwa Rungwe, mahali pa baridi, hukuwazoea. Mlaze ndani ya chandarua hata akilia.

Sisi hapa ni wazima kwa kiasi. Mama goti linamsumbua asubuhi, kisha jua likipanda anasahau kwamba alikuwa mgonjwa. Mahindi yamekauka shambani na tutaanza kuvuna baada ya majuma mawili. Baridi imeanza kushuka, na ukungu wa mtoni hauondoki mpaka saa tatu.

Mchele uliomkabidhi dereva Marcelino ulifika salama, gunia halijafunguliwa. Mama alipika siku ileile akawaita majirani. Ahsante sana. Na barua uliyoiweka ndani ya gunia niliipata, ikiwa na vumbi la pumba. Nimeisoma mara nyingi kwa sababu ya sentensi moja. Uliandika: "Usirudi nyuma, mdogo wangu, kati yetu wawili wewe ndiye uliyekuwa na akili zaidi."

Sijui kama uliiandika kwa upendo au kwa kisu. Nimeigeuza pande zote mbili. Ndiyo inayonifanya niandike leo, kwa sababu tarehe 14 Juni napaswa kupanda basi la Relwe, la shirika la reli, hapa Iringa kwenda Dodoma, kisha treni mpaka Mwanza, kisha meli, nirudi chuo kikuu kuanza mwaka wa pili. Sanduku langu liko chini ya kitanda, tupu. Hakuna mtu hapa nyumbani anayejua kwamba sitaki kurudi.

Chuo hakikunifukuza. Laiti kingenifukuza! Nimefaulu kama mtu avukavyo mto huku maji yakimfika shingoni: Fizikia alama arobaini na mbili, Kemia arobaini na tano. Barua yao inasema wanafurahi kunipokea tena. Najiuliza wanafurahia nini.

Hapa kijijini nimekuwa kichekesho cha heshima. Mjomba Joachim hunikaribisha kila jioni kwa kelele: "Haya, Bibi Chuo! Tuambie, mvua ya mwakani itanyesha lini?" Nikisema sijui, huwageukia wenzake: "Mnaona? Mwenye elimu kweli hana haraka ya kujibu." Juzi alisema niwekwe katika ile nyumba ya makumbusho, ili wageni wanaokuja kulitazama fuvu la Mtemi wanitazame na mimi pia. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa khanga. Nami nilicheka. Ni jambo baya sana, Dada, kucheka pamoja na watu wanaojivunia kitu ambacho wewe unajua hakipo.

Nikueleze lililotokea mwezi wa pili, ndipo utakapoelewa. Mwalimu wetu wa Fizikia alikuwa anafundisha habari za mchemko. Aliposikia natoka Nyanda za Juu, alinisimamisha akaniuliza kwa nini maharage huchelewa kuiva milimani. Nilijibu vizuri sana, bila kukwama: hewa ya juu ni nyepesi, haiyabani maji, kwa hiyo maji huchemka kabla ya kupata moto wa kutosha. Akafurahi. Akauliza tena: "Mlima huwezi kuushusha. Basi mpishi wenu abadili nini?"

Nikafungua kinywa, na yakatoka maneno yaleyale: hewa ya juu ni nyepesi, haiyabani maji. Kijana mmoja nyuma yangu akasema, "Dada wa Tanganyika ametusomea mlima tena," nao wakacheka.

Unayajua maneno yale. Ni yako. Ulinifundisha tulipokuwa shule Tabora, tumekaa juu ya kitanda chako, nawe ukiandika katika daftari lako la jalada la bluu kwa sababu mimi sikuwa nimeelewa darasani. Uliponiachia daftari hilo nilikwenda nalo chuoni. Mwaka mzima nimesoma kwalo. Kila swali nililoulizwa, nilipekua kichwani kutafuta ukurasa wako. Na pale ambapo kurasa zako ziliishia, akili yangu nayo iliishia.

Jioni ile ya kuchekwa nililifungua. Chini ya maelezo ya maharage, pembeni, ulikuwa umeandika kwa penseli, herufi ndogo: "Na chungu kikifunikwa, juu yake jiwe zito?" Ni swali lilelile la mwalimu. Ulijiuliza mwenyewe, Tabora, ukiwa na miaka kumi na minane, bila kuulizwa na mtu. Mimi nilikuwa nimepita juu ya mstari huo labda mara mia, nikidhani si sehemu ya somo.

Tangu siku hiyo nasema moyoni mwangu kwamba walikosea kunichukua. Nimeisema sentensi hii mara nyingi hata imekuwa laini, kama kipini cha jembe. Lakini hivi karibuni nimeanza kuitilia shaka, na sababu ya shaka hiyo ndiyo inayonilazimu kuirudia Februari ya mwaka jana, Mbeya. Nisamehe nikikukumbusha usilotaka kukumbushwa.

Tuliingizwa ofisini pamoja kwa usaili wa chuo, wewe na mimi, kwa kuwa tulikuwa wasichana wawili tu tuliofaulu mtihani wa maandishi katika jimbo, na nafasi ya wasichana ilikuwa moja. Alama zako zilizidi zangu. Bwana Elimu, yule ofisa wa elimu wa jimbo, alizisoma kwa sauti. Shemeji Asukile alikuwa amekubali kungoja miaka mitatu. Kila kitu kilikuwa tayari kwa ajili yako. Hata mimi nilikuwa tayari, Dada; nilikwenda Mbeya kama msindikizaji.

Mezani walikaa Wazungu wawili, mwalimu mmoja mwanamke wa misheni, na mzee mmoja wa baraza aliyealikwa ili wenyeji nao wawe na mtu wao. Sitaliandika jina lake, usije ukalazimika kulisoma. Alikuwa baba mkwe wako. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamefika kwenu tangu Krismasi.

Mimi niliyelelewa Kalenga kwa upande wa mama sikufungwa na mwiko ule wa mkwe, lakini niliujua. Ulinifunza wewe mwenyewe, likizo ile niliyokuja kwenu. Tulimwona kwa mbali akija njiani, ukanivuta mkono tukaingia migombani, ukajifunika khanga usoni ukachuchumaa mpaka alipopita. Nilikutania, "Amekukopesha nini mzee huyu?" Nawe ukasema, bila kucheka: "Huyu si wa kutazamwa, wala si wa kusemeshwa. Hata kama nyumba inaungua, nitatokea upande wa pili." Kwa hiyo nilijua. Nataka jambo hili lieleweke.

Bwana Elimu alikuuliza wewe kwanza, kwa Kiingereza, swali la maharage. Ulivuta kitambaa cha kichwa mpaka machoni, ukageukia ukuta. Akarudia. Yule mwalimu wa misheni akasema kwa upole, "Usiogope, mwanangu." Nawe ulitazama ukuta tu. Mzee naye alikuwa amegeuza kiti, anatazama dirishani kana kwamba kuna mvua; angeweza kuinuka akatoka, na mwiko ulimtaka yeye vilevile, lakini nadhani aliona aibu kuomba ruhusa mbele ya Wazungu. Huenda namhukumu vibaya. Huenda alingoja mtu mwingine aseme.

Na mtu mwingine aliulizwa. Bwana Elimu alinigeukia akasema, "Mwenzako ana nini?"

Nilisema, "Sijui, Bwana."

Neno moja na heshima. Kisha akaniuliza mimi swali la maharage, nami nikajibu kwa sauti safi, kwa maneno yako, wewe ukiwa umesimama hatua mbili kutoka kwangu, uso ukutani. Sijui kama ulilia. Tulipotoka ulinipa mkono, ukasema, "Umejibu vizuri." Harusi yako ikaletwa mbele ikawa Juni. Mimi Julai nilikuwa kwenye meli.

Nimejitetea kwa namna nyingi. Nimesema: wasingeniamini. Nimesema: Wazungu wale wangecheka, wakaandika kwamba msichana mwenye mambo ya namna hiyo hafai chuo. Nimesema: si haki ya mtu wa Kalenga kutangaza miko ya watu wa Rungwe. Kila moja ina ukweli ndani yake, na hakuna hata moja niliyoifikiria siku ile. Siku ile nilifikiria kitu kimoja tu, kwamba nafasi ni moja.

Sasa waona kwa nini nashuku ule wimbo wangu wa kukosa akili. Ni rahisi, Dada, kulala ukisema "mimi ni mjinga", mjinga huhurumiwa. Ni vigumu zaidi kulala ukisema "nilijua". Lakini hata hapa sina hakika, kwa sababu ile arobaini na mbili si ndoto. Yawezekana yote mawili ni kweli: kwamba sikustahili kwa akili, na kwamba nilikipata kiti kwa hila. Ningependa moja liwe uongo, nipumzike.

Nilifikiri kumwandikia Bwana Elimu nimweleze yote. Niliandika kurasa mbili za Kiingereza nikazichana. Nafasi haitakurudia, kwa sababu hawamchukui mwanamke aliyeolewa, niliuliza. Na mzee angeitwa kueleza kwa nini alinyamaza, nawe ndiye ungekula ugali wa aibu hiyo nyumbani kwa mumeo. Ukweli wangu ungewagharimu ninyi, mimi ungeniachia sifa ya ukweli tu. Basi nimeona nikuambie wewe peke yako, ingawa najua ulikuwa chumbani na ulinisikia. Masikio hayana mwiko. Ulinisikia, kisha baada ya mwaka mmoja na miezi mitatu ukaniandikia kwamba mimi ndiye niliyekuwa na akili zaidi. Kama ulimaanisha akili ya siku ile, umesema kweli, na sentensi yako ni ya haki.

Juma lililopita nilifanya jambo la kitoto. Nilichukua masufuria mawili ya mama, maharage yaliyotoka debe moja, maji ya kipimo kimoja. Moja nililiacha wazi. La pili nililifunika, nikaziba ukingo kwa unga uliokandwa, nikaweka juu yake jiwe la kusagia. Nilikaa na saa ya marehemu baba mkononi. Mama alisimama mlangoni akasema, "Hiki ndicho walichokufundisha? Kupikia mawe?" Lenye jiwe liliiva mapema kwa karibu robo tatu ya saa. Nikahofia labda moto wa upande ule ulikuwa mkali. Kesho yake nikabadilisha mafiga. Likatangulia tena. Bado sijui kama ni mvuke uliobanwa au ni joto tu lililozuiwa lisipotee. Ningehitaji kipimajoto.

Ndilo jambo la kwanza la elimu nililolifanya bila ukurasa wako, ingawa swali lilikuwa lako.

Nitarudi chuoni tarehe 14. Usidhani ni ushujaa. Nikikiacha kiti kile hakuna atakayekikalia kwa niaba yako. Kitabaki mbao tu. Lakini daftari la bluu nakurudishia, Marcelino atalileta pamoja na barua hii. Nimeandika majibu yangu kwa penseli chini ya swali lako, pamoja na dakika zote. Yakiwa na kosa, yasahihishe. Huko bondeni maharage yako yanaiva upesi, utapata nafasi. Kuanzia Julai nikikwama darasani, nitakwama kwa kichwa changu mwenyewe, na nikianguka nitakuwa nimeanguka mimi.

Sikuombi unisamehe. Msamaha wako ungekuwa kitu kingine tena nilichochukua kwako.

Nisalimie sana shemeji Asukile. Mpakate Gideoni kwa niaba yangu. Ukienda Rungwe, wasalimie baba mkubwa na mama mkubwa, na shangazi Tupokigwe umwambie shuka alilonifuma ndilo linalonizuia baridi ya bwenini. Mama anakusalimu, na mjomba Joachim pia, anasema mchele wako hauna mawe, tofauti na masufuria ya humu ndani. Kwa baba mkwe wako sitoi salamu. Utajua mwenyewe kwa nini haziwezi kupitia kwako.

Mungu awalinde na homa za bondeni, akujalie mtoto atakayeuliza maswali, na mtu wa kumsemea siku atakaposhindwa kusema.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, niliyejua,

Evarista