Mdalasini Kwenye Kitabu cha Mama Consuelo

Jumatatu, 2 Juni
Baridi kali ya huku kusini. Vidole vimekufa ganzi kwa kusafisha ngisi, na wino wao umeingia kwenye kucha, hautoki. Inés kaingia jikoni na kompyuta mkononi, uso unang'aa. Anataka kutoa kitabu. Mapishi yote ya Kihispania ya mgahawa, kama mama yake, Mama Consuelo, anavyoyapika tangu walipofungua. Mama atapika, yeye ataandika, mpiga picha atakuja. Mama hakufurahi. Hapendi mizani. Kaninong'oneza kwamba chumvi haipimwi. Nimecheka. Mimi kazi yangu kuosha, kukata, kukaanga. Kuunga ni kwake, miaka yote niliyokaa hapa.

Alhamisi, 5 Juni
Leo kimanda cha viazi. Kwetu Tanga tungesema chipsi mayai, ila hapa viazi havikauki, vinaiva taratibu ndani ya mafuta ya zeituni. Mama alikuwa na raha. Ananiita hija, kwa Kihispania binti. Nguruwe amejaa jikoni humu, lakini chakula changu Mama hukipika mwenyewe, pembeni, kwenye sufuria isiyoguswa na kitu kingine. Hajawahi kukosea. Ndiyo maana sijahama.

Jumatano, 11 Juni
Mama ametia chumvi kwenye wali wa ngisi. Kageuka, katia tena. Halafu tena. Nilidhani anatania.
Inés alikuwa nje na mpiga picha. Nikaumwaga wali wote, nikasema nimeuunguza. Aliporudi kanifokea. Sawa. Mama akanifuata stoo, akanishika mkono.
"Saumu, usimwambie Inés."
Nikasema sitamwambia. Kwa nini nimesema hivyo?

Ijumaa, 20 Juni
Dengu na spinachi. Zinataka bizari nyembamba. Mama kachukua mdalasini, kamimina kama mtu anayepika kitu cha sukari. Inés kaandika. Kaniangalia. Mimi nikaangalia masufuria. Picha ikapigwa.
Dieudonné, Mkongo wetu wa jiko la mkaa, alinivuta pembeni. "Dada Saumu, huyu mama iko na ugonjwa ya kusahau. Mama yangu kule Bukavu alianzaka vile vile. Sema kwa mtoto wake." Nikamwambia nimeahidi. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye nyama zake.
Nikisema, nimemsaliti Mama. Nisiposema, kitabu kitatoka na uongo na jina lake juu.

Alhamisi, 26 Juni
Mchana Mama kaniletea sahani yangu. Supu ya maharage. Vipande vya nguruwe vinaelea. Kasimama, anasubiri nile.
Nimemwambia nimefunga. Kasema pole, kaenda zake anaimba.
Nimelia chooni. Si kwa sababu ya supu.
Usiku huu chumbani kwangu, mtaa wa Bellevue. Nimepita spaza, kiduka cha mtaani, kununua mkate na nimeshindwa kuula. Jirani kafungulia redio, anacheka peke yake. Nilitandika mswala, nikainua mikono, sikujua niombe nini. Apone? Nani amepona ugonjwa huu?

Jumanne, 8 Julai
Mama ameungua.
Alibandika mafuta, akakaa kitini. Mafuta yakawaka. Alipoona moto akataka kukitoa kikaango kwa mkono mtupu. Nilimvuta, tukaanguka wote chini. Dieudonné akafunika moto kwa mfuniko wa sufuria kubwa. Mkono wa Mama umeiva hadi kwenye kifundo. Hakupiga kelele. Alikuwa anatuomba radhi tu, sisi na wateja ambao hata hawakuwepo.
Inés aliendesha kama kichaa, robot nyekundu mbili, taa za barabarani, hakusimama. Hospitali mimi na yeye tulikaa kwenye benchi la ukutani.
"Ulijua tangu lini?" akauliza Inés.
"Tangu ule wali."
Nilingoja kufukuzwa. Akainamisha kichwa.
"Mimi tangu Pasaka. Tulikwenda kwa daktari pamoja, mimi na yeye. Unadhani kitabu nimekianzisha kwa nini?"
"Lakini yeye aliniomba nisikwambie."
"Amesahau kwamba najua."
Kumbe sote wawili tulikuwa tunamzungukia kimya kimya, kila mtu na lake. Nikamuuliza basi ule mdalasini. Kasema anajua si mdalasini. Ila Mama alikuwa anatabasamu mbele ya kamera, angemkatizaje?
Akaniomba nimwambie kinachotiwa. Bizari nyembamba, nikasema. Kiasi gani? Sijui. Na kitunguu saumu kinaingia kabla au baada? Sijui, alikuwa ananipa mgongo. Na ule mchuzi wa pweza? Sijui. Nina hasira na macho yangu. Miaka yote nimesimama karibu naye na sikuona kitu.

Jumamosi, 16 Agosti
Kitabu kimekwenda kwa mchapaji jana. Dengu zimebaki na mdalasini. Inés kakataa kuzirekebisha. Kasema ndivyo Mama alivyopika siku ile, na siku ile alikuwepo.
Mchana Mama kavaa koti. Anataka kwenda kwao, kijijini, mama yake anamngoja. Inés kamwambia, "Mama, uko nyumbani." Mama akaanza kulia, na Inés naye.
Nikavua aproni. Nikamshika mkono ule mzima, tukatoka. Tukazunguka mtaa wa nyuma, polepole. Upepo wa Agosti, vumbi tupu. Mti wa pichi wa jirani umetoa maua juu ya ukuta. Mama akasimama akayatazama kwa muda. Sikumharakisha.
Tuliporudi mbele ya mgahawa akautazama mlango, kisha mimi.
"Tumefika?"
"Ndiyo, Mama. Tumefika."
Nikamvua koti. Akakaa dirishani penye jua, akasinzia. Kulikuwa na oda mbili. Nikarudi jikoni.