Nyuzi za Pamba Juu ya Boneti

Kasoli,
Bariadi.
12 Juni 2024

Mpendwa Mjomba Kasmiri,

Pokea salamu yangu ya mwangaluka kutoka huku nyumbani. Mgongo wako vipi, bado unakusumbua ukikaa sana? Sisi wazima. Mama yuko kwenye mizani ya pamba tangu asubuhi, na bibi anakula vizuri, ila analalamika umemsahau.

Mjomba, naandika kwa sababu kusema nashindwa. Unanijua, hata darasani mwalimu hunibembeleza ndipo nijibu. Simu ya mama nayo mara nyingi anayo kaka Luhende.

Ni habari ya gari lako. Wewe unadhani lile dude la Kimarekani limelala chini ya turubai kama ulivyoliacha. Luhende anakwambia analiwasha tu ili betri isife, sivyo? Sasa niambie, betri inahitaji nyuzi za pamba?

Maana amezibandika gari zima, fupi fupi, kwa selotepu: boneti, paa, mpaka buti. Anakimbia nalo kwenye lami ya kwenda Lamadi, rafiki yake Onesmo anamfuata na pikipiki akirekodi. Juu ya boneti nyuzi zinalala. Baada ya kioo cha nyuma zinacheza ovyo, yaani upepo pale unajikunja na kulivuta gari nyuma. Basi akachonga bawa la bati, akalifunga juu ya buti. Sasa upepo unakandamiza mkia, naye anajisifu gari limeshika barabara.

Lakini mbele hajagusa kitu. Upepo unaingia chini ya bampa na kuinua pua. Jumamosi alinipakia nitazame nyuzi, na tulipokolea mwendo akasema usukani umekuwa mwepesi kama wa baiskeli. Akacheka! Mimi nilikuwa nimeshika mlango kwa mikono miwili. Kwenye fizikia hiyo nguvu ya kuinua tunaiita lift, na si kitu cha kuchekea.

Nilimwambia aweke bati na mbele, karibu na ardhi. Akanijibu, huku Onesmo akisikia, "Haya injinia, kwanza jifunze kumsalimia mgeni bila kuangalia ndala zako." Nikaingia ndani.

Halafu kuna mwanaume wa Lamadi anakuja kuliangalia. Nikitokea tu, wananyamaza. Na Luhende, ambaye kanisani tunamburuta, jana aliuliza kama Jumapili tunakwenda wote na ibada itaisha saa ngapi. Nahisi ni mashindano, Mjomba, tena kwenye barabara ambayo ng'ombe wanavuka kwenda kunywa. Ushahidi sina. Ila kaka ninaye mmoja.

Kwa hiyo nimechukua ufunguo. Umo kwenye mchele tunaokutumia kwa basi, chini kabisa. Tafadhali usiupike. Na umpigie Luhende kabla ya Jumapili. Wewe hawezi kukucheka.

Bibi, mama na mdogo wangu Generoza wanakusalimu. Nisalimie Mama Keneth na watoto. Mungu aunyooshe mgongo wako na kukulinda huko uliko.

Mpwa wako akupendaye na kukutegemea,
Evalina

Nyongeza: Mfuko wa mchele Luhende ameushona mwenyewe, huku akipiga mluzi. Barua hii nitampa konda kwa mkono wangu. Mpaka sasa hajauliza ufunguo uko wapi, kama vile anao. Mjomba, ukimaliza kusoma, piga hapo hapo.