Barabara za Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Daktari amesema Lois alale, asishuke hata ngazi. Presha, na mimba imebaki wiki chache. Sasa wa kumpeleka mama yake dukani ni nani? Mimi! Jairus, niliyeendesha trela Mombasa mpaka Juba, niliyemtania askari wa kila mpaka hadi akasahau kuomba hongo. Leo nimeshindwa na abiria mmoja. Kwetu Vihiga mtu na mama mkwe wake hupishana mbali. Nikimwona njiani, naingia kwa mahindi. Hapa Brooklyn Park, ughaibuni, mahindi yako wapi? Amekaa kiti cha nyuma, kona kabisa, leso hadi machoni. Mimi nahesabu taa za barabarani. Mimi!

Jumatano, 9 Aprili

Lois amelia. Mama anataka kurudi Kenya kabla mtoto hajazaliwa. Ati amechoka kuishi kwa mkwe kama mtu aliyejificha, akisikia kikohozi changu anakimbilia chumbani.

"Fanya kitu, Jairus. Siwezi kuzaa bila Mama."

Nimemwambia atulie, ameolewa na bingwa. Halafu nikaenda kukaa kwa gari. Bingwa hana la kufanya.

Au — Mama akizijua njia, si atakuwa anatoka mwenyewe? Nyumba inapumua.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemzungusha Mama kwa gari. Simwambii yeye, nauambia usukani. "Usukani, hii ni Zane Avenue. Ule mnara wa maji, ukiupa mgongo unaenda dukani. Ukiuona mbele, unarudi nyumbani." Usukani umesoma kuliko mimi sasa.

Kwa taa, bata bukini wakaingia barabarani. Ukoo mzima, taratibu, kama wazee wa kanisa wakitoka ibadani. Magari yote yakasimama, hata lori. Sauti ikatoka nyuma, ikiliambia dirisha:

"Mwenye gari aulizwe, hawa bata ni wa nani?"

"Wa serikali, Mama!"

Akacheka! Mpaka leso ikaanguka. Taa ya kijani ikanipita, wakanipigia honi, nikawapungia mkono. Wapige tu.

Jumapili, 13 Aprili

Mama ametoka peke yake, kwa miguu! Huku hatembei mtu ila aliyeharibikiwa na gari. Nikamfuata polepole, kwa mbali. Nahashon wa kanisani akapita, akateremsha kioo — bwana, siku hizi unamwinda mama mkwe? Nikamwambia aende zake, mimi ni msafara wa rais.

Mama mmoja mzungu akasimama ampe lifti. Mama mkwe akakataa, akamwombea hapo hapo, mkono juu ya boneti. Yule mzungu akafunga macho kabisa.

Jioni nikamsikia chumbani akimsimulia Lois. Amefika hadi kwa yule mtu wa nailoni wa matangazo pale duka la tairi, anayejazwa upepo akapepesuka. "Maskini, hapumziki!" Na ile kona ya mashimo ameipa jina, Majengo, inafanana na ya kwetu.

"Na tiketi ya kurudi, Mama?"

 Nimesimama kwa korido kama mwizi.

"Wacha kwanza nimalize kuujua huu mtaa."

Alhamisi, 17 Aprili

Naandika hospitalini. Mchana.

Lois aliamka kichwa kikimuuma vikali, anaona nyota. Nikamlaza kiti cha nyuma, kikajaa. Mama akasimama nje, akaangalia nafasi. Akafungua mlango wa mbele, akakaa. Nikawasha gari. Kwa Brooklyn Boulevard nikazidi kukanyaga mafuta.

"Tulia, Jairus. Hiyo taa ni nyekundu."

Jina langu! Sikujua hata kama analijua.

Wamemwingiza Lois kupasuliwa. Sisi tumeachwa kwa viti. Nimetafuta mzaha mmoja, hata mdogo. Sina.

Mama amefungua karatasi ya foil, chapati ya jana, ameikata mbili. Kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe, afadhali njaa. Ameniwekea nusu mkononi. Mkononi kabisa.

"Kula. Mtoto atoke akute baba amezirai?"

Natafuna.  Yeye pia anatafuna, macho kwa ule mlango, machozi yanaingia kwa chapati.

Nimemuuliza, Mama, unaogopa?

"Sana."

Ameshika mkono wa koti langu, wa kushoto. Hajauachia.