Suruali Uliyosema Umeichoma

Mwaka umetimia sasa, Mama, tangu cherehani yako inyamaze hapa Mafeteng. Tunakukumbuka ulivyowashonea maharusi wa mji mzima nguo za kitambaa chetu cha seshweshwe chenye maua madogo, ulivyowapa wajane vitambaa vilivyobaki bila kuombwa, na ulivyoweza kuongea vizuri tu ukiwa na pini nne mdomoni.

Familia imenipa mimi, binti yako, kazi ya kuandika haya. Wamesema niandike mazuri tu. Nitajaribu.

Ulipoolewa walikupa jina la Malintle, yaani mama wa Lintle, kabla sijazaliwa, ili binti atakayekuja aitwe Lintle. Kila aliyekuita wewe aliniita na mimi. Lakini kwenye mavazi hatukupikika chungu kimoja.

Unaikumbuka siku niliyorudi kutoka Bloemfontein na suruali nyeusi ya jinzi?

"Hiyo umevaa au umepakwa?" ulinipokea mlangoni. "Wenzangu wa maombi ya Alhamisi wakikuona, uso nauweka wapi?"

"Mama, ni suruali tu."

"Suruali tu! Mfinyanzi hulia gaeni, najua. Lakini ndiyo gae libane hivi?"

Kesho yake niliifua nikaianika, na jioni haikuwepo kwenye kamba. Ulisema umeichoma jikoni. Sikukusemesha mwezi mzima, na nikaapa kwamba nguo uliyoshona wewe sivai tena.

Ndipo kaka yangu Seabata akamwoa Mathabiso. Kila Jumamosi wifi alisimama juu ya kigoda, nawe ukimzunguka na futi shingoni, ukicheka. "Huu ndio mwili wa kushonea," uliwaambia wateja, nami nikiwa pale pale nakata vitunguu. Mama, niliona wivu. Kigoda kile kilikuwa changu, hata kama nilikikataa mwenyewe. Nilimwombea wifi anenepe. Akanenepa, ukamshonea nguo nyingine pana zaidi, nzuri kuliko ya kwanza.

Jumamosi iliyopita tuliondoa msiba, na mjomba Ntsane, kaka yako, akagawa nguo zako kama ilivyo desturi. Shangazi alipewa blanketi. Mathabiso alipewa seshweshwe ya bluu uliyovaa siku ya harusi yake, nikageuza uso nisimwone akiikunja. Kisha mjomba akatoa furushi dogo chini ya sanduku. "Hili limebanwa karatasi yenye jina lako," akaniambia.

Ilikuwa suruali yangu. Kiunoni iliongezwa kipande cha seshweshwe kila upande, na magotini ilikuwa imepauka kwa udongo.

"Nani alikuwa anaivaa hii?" niliuliza.

Mathabiso alicheka mpaka akafuta machozi. "Wifi, si mama! Alikuwa anapalilia nayo kabichi kila Jumatatu, wewe ukishaenda kazini Maseru. Mimi ndiye niliyempima kiuno. Siku ya kwanza alijitazama kwenye kioo, akageuka akatazama na nyuma, akasema, 'Kumbe yule mtoto ana macho.' Halafu akaniapisha nisikwambie."

Nilidhani nitafurahi. Nililia kwa wivu, Mama, mbele ya watu wote. Nguo zako zote wifi achukue tu, lakini yeye alikuona ukijigeuza mbele ya kioo, na mimi sikukuona. Neno lile nililingoja tangu nikiwa msichana, nawe ukampa mtu mwingine alisikie.

Unakumbukwa na mumeo Mokhethi, kaka yako Ntsane, mwanao Seabata na mkewe Mathabiso, mjukuu wako Thabiso, na mimi Lintle, niliyeivaa suruali ile leo kuja kaburini kwako. Inanipwaya kiunoni, na sitaipunguza.

Daima tutakukumbuka, Mama, na wenzako wa Alhamisi waseme watakavyo.